Kabla ya sindano ya bilioni, mkojo upimwe kwanza

Nianze na hili kabisa, maana najua kuna wengine mtasoma aya mbili afu mtaondoka. Kama nyumbani kwenu kuna msichana au mama kijana anayeshikwa na tumbo kali la kuja na kuondoka, tumbo la kumkunja sakafuni na kumtapisha, afu ultrasaundi inasema safi, vipimo vya damu vinasema safi, daktari akibonyeza tumbo analikuta laini tu wakati mgonjwa analia, na siku hizohizo mkojo wake unakuwa mwekundu au wa kahawia nzito, ombeni apimwe porfiria, ugonjwa wa kurithi unaoumiza neva. Ni kipimo cha mkojo. Kiombeni maumivu yakiwepo, sio mgonjwa ameshapona anacheka, maana hapo kinaweza kisionyeshe kitu.

Sasa niendelee taratibu, maana ugonjwa huu una dawa mpya ya sindano, na bei yake kwa mwaka inapita bilioni.

Mi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari hapa Tabora ila nyumbani kwetu ni Ujiji, na mdogo wangu wa kike bado anaishi kule na wanae. Ugonjwa ulimuanza akiwa amevunja ungo miaka kadhaa tu, na kwa muda mrefu kila aliyemwona alimpa jina lake. Zahanati walisema malaria, na huwezi kuwalaumu sana kwa hilo, Kigoma na Tabora zote ni mikoa yenye malaria nyingi. Malaria ikikosekana ikawa taifodi. Taifodi ikitibiwa haiondoki ikawa UTI, kwa sababu mkojo ulikuwa mchafu. Baadae vidonda vya tumbo. Kuna hospitali walimpasua wakamtoa kidole tumbo, na mwezi uliofuata tumbo likarudi vilevile, saivi na mshono juu yake. Nyumbani nako kina mama walishaamua ni chango, kwa sababu lilikuwa linakuja siku chache kabla ya hedhi, akanyweshwa mizizi ya kila aina mpaka akawa hataki kusikia harufu ya dawa ya kuchemsha. Na mashambulizi yalipoanza kuja na kuchanganyikiwa, anaongea na watu wasiokuwepo, anasema kuna mtu anamwita kutoka ziwani, basi hapo hata majirani wenye elimu zao waliacha kusema hospitali wakaanza kusema jini.

Kilichomfikisha pabaya zaidi ilikuwa Septrini. Alipewa kwa ajili ya ile UTI, dawa ya kawaida kabisa ambayo kila mtu aliyekulia Tanzania ameshaimeza, na siku chache baadae hakuweza kuinua ndoo, afu hakuweza kuinua kikombe, afu akapata degedege. Mtu mzima, hana kifafa, hana homa.

Aliyeujua ugonjwa alikuwa daktari mmoja wa magonjwa ya ndani, mtu mpole, aliyewahi kusoma Cape Town. Alipoambiwa habari za mkojo hakuuliza mengi. Aliomba kikopo, mkojo ulipotoka ulikuwa karibu na rangi ya kawaida tu, umekolea kidogo, akakiweka dirishani juani akaendelea na wagonjwa wengine. Aliporudi ulikuwa umebadilika kama juisi ya rozela. Mama yangu alikuwepo, aliona mwenyewe, na mpaka leo akihadithia anaonyesha kwa mkono lile dirisha lilipokuwa. Daktari akamuuliza, "Mama, kwenye ukoo wenu kuna mtu aliwahi kuumwa hivi?" Mama akamwambia upande wake hamna, "ila wifi yangu alikufa na tumbo, miguu ikiwa imeshapooza." Wifi yake huyo ni shangazi yetu, dada yake baba.

Sampuli nyingine ikachukuliwa, ikafungwa kwenye foili isipigwe na mwanga, ikawekwa kwenye baridi ikasafirishwa Dar, na kutoka Dar ikapelekwa nje ya nchi. Jibu lilichelewa lakini lilikuja: porfiria ya ini, ile aina ya kushambulia kwa vipindi. Ni ya kurithi, na ini lenyewe ukiliangalia kwenye ultrasaundi ni zuri halina kasoro.

Hapa ndo ualimu wangu unapoingia, na naomba mnivumilie kwa sababu bila kuelewa kinachotokea humo ndani hutaelewa kwa nini hiyo dawa mpya ni kitu kikubwa namna hii, wala hutaelewa kwa nini Septrini ilimuangusha mdogo wangu.

Kuna kitu mwilini kinaitwa hemu. Ndo ile sehemu yenye chuma ndani ya hemoglobini, inayoshika oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Mwili unaitengeneza kwa hatua 8, kila hatua ina enzaimu yake. Nyingi inatengenezwa kwenye uboho wa mifupa, lakini ini nalo linatengeneza ya kwake, kwa sababu linaihitaji kwenye zile enzaimu zinazovunjavunja dawa na sumu tunazoingiza mwilini. Kwenye ini, enzaimu ya hatua ya kwanza inaitwa ALAS1, na hiyo ndo inayoamua mwendo wa kazi nzima, ikiongezeka kila kitu kinakwenda mbio, ikipungua kila kitu kinatulia. Mtu mwenye ugonjwa wa mdogo wangu amerithi jeni moja mbovu ya enzaimu ya hatua ya 3, kwaiyo enzaimu hiyo inafanya kazi kwa nusu tu. Siku za kawaida nusu inatosha. Wengi mno wenye jeni hii hawaumwi hata siku moja mpaka wanazeeka, na baba yetu ni mmojawao, yeye hajawahi hata kulalamika tumbo.

Shida inakuja pale kitu kinapoiamsha ALAS1. Hatua ya kwanza inaanza kumimina, hatua ya 3 haiwezi kupokea, na katikati vinajaa vitu viwili, ALA na PBG, vinafurika mpaka kwenye damu. Neva ndo zinaumia. Neva za tumbo zikiumia mtu anasikia maumivu ya kufa wakati tumbo lenyewe halina jipu wala halijapasuka, ndo maana daktari anakuta laini. Utumbo unagoma, choo hakitoki. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, chumvi ya damu inashuka na hapo degedege linaweza kuja. Neva za mikono na miguu zikifikiwa mtu anapooza, na ikifika kwenye misuli ya kupumulia anakufa. PBG inatoka na mkojo, mwanzoni haina rangi, ikikaa kwenye mwanga inageuka. Ndo ule mkojo wa dirishani.

Na nini kinaamsha ALAS1? Njaa, kwanza kabisa. Ini likikosa wanga linaiongeza yenyewe. Homoni za kike, hasa zile zinazopanda kabla ya hedhi, kwaiyo wanaoumwa zaidi ni wanawake kuanzia kuvunja ungo mpaka hedhi ikome. Sigara. Pombe. Maambukizi yoyote. Halafu dawa, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ukiangalia orodha ya dawa hatari kwa mgonjwa wa porfiria unakuta ni kama mtu alikwenda kwenye kabati la zahanati zetu akaanza kuandika. Dawa za salfa zimo, na Septrini ni salfa. SP wanayopewa wajawazito kujikinga na malaria ni salfa. Fenobabito ya kifafa, ile ya bei rahisi iliyopo kila mahali, ni mojawapo ya mbaya kuliko zote, na fikiria sasa, mgonjwa anapata degedege kwa sababu ya porfiria afu anatibiwa degedege kwa fenobabito. Rifampisini ya TB imo. Sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya projesteroni navyo vinaweza kuanzisha. Dawa hizi kwa mtu mwingine ni nzuri na zinaokoa, naomba hapa nisinukuliwe vibaya, mjamzito asiye na ugonjwa huu anywe SP yake. Nasema kwa yule mmoja.

Shangazi alikufa miaka ya 2000 mwanzoni. Wakati huo SP ndo ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchi nzima, kuanzia 2001 klorokwini ilipoondolewa mpaka dawa mseto ilipokuja mwisho wa 2006. Kila homa, kila tumbo lililodhaniwa ni malaria, ulipewa SP. Kwenye msiba wake watu walisema amerogwa na jirani, na yule jirani alihama Ujiji kwa aibu ya kitu ambacho hakukifanya.

Afrika ina historia na ugonjwa huu kuliko watu wanavyodhani. Afrika Kusini kuna ndugu wa porfiria hii, aina nyingine inayoshambulia vilevile na juu yake inatoa malengelenge kwenye ngozi iliyopigwa na jua, na imejaa kwa Makaburu. Daktari mmoja, Geoffrey Dean, alifuatilia koo moja moja kurudi nyuma mpaka akafika kwa mtu na mkewe waliotoka Uholanzi wakaoana Cape mwaka 1688. Ndoa moja hiyo, jeni moja, vizazi na vizazi, maelfu ya watu. Wengi waliishi bila shida mpaka dawa za usingizi za jamii ya fenobabito zilipoanza kutumika hospitalini, hapo ndo watu wakaanza kupooza na kufa baada ya upasuaji mdogo tu. Kwaiyo madaktari wa kule wanaijua, hawana namna, na ndo bahati ya mdogo wangu kwamba mmoja aliyepita kule alipangiwa kazi upande wetu. Kwingine penye wagonjwa wengi ni kaskazini mwa Sweden. Lakini hii aina ya mdogo wangu ipo kwa watu wa rangi zote. Ukiona nchi inasema haina, mara nyingi ni nchi ambayo haipimi.

Haya, dawa sasa.

Kidato cha sita nafundisha jinsi protini inavyotengenezwa. Jeni ipo kwenye kiini cha seli, haitoki. Inatolewa nakala, inaitwa RNA mjumbe, nakala inatoka nje ya kiini, inafika kwenye ribosomu, ribosomu zinaisoma na kutengeneza protini. Miaka yote nilikuwa nafundisha hivyo kama kitu cha mtihani tu. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Andrew Fire na Craig Mello, walichapisha utafiti wao juu ya mnyoo mdogo sana, wakaonyesha kwamba ukiingiza kwenye seli RNA yenye nyuzi mbili inayolingana na jeni fulani, seli yenyewe inaikamata nakala ya jeni hiyo na kuiharibu. Jeni ipo palepale, haijaguswa, ila sauti yake haisikiki. Mwaka 2006, miaka 8 tu baadae, wakapewa Nobeli. Mwaka 2001 mtafiti mwingine, Thomas Tuschl, na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwamba hata kwenye seli za binadamu inawezekana, ukitumia vipande vifupi vya herufi 21 hivi.

Mtu yeyote mwenye akili angeona hapo hapo kwamba basi tumepata dawa ya kila ugonjwa wa kurithi. Haikuwa hivo. RNA ukiidunga kwenye damu inaliwa dakika chache tu, na isipoliwa mwili unaidhania ni kirusi na kuishambulia, na hata ikisalimika haijui iende kiungo gani. Makampuni makubwa yalimwaga hela afu yakachoka, Roche ilijitoa 2010. Waliobaki walifanya mambo mawili. Walibadilisha kemia ya RNA yenyewe kidogo kidogo isiliwe haraka, na wakaifunga kwenye aina ya sukari inayoitwa GalNAc. Seli za ini zina vipokezi vingi juu yake vinavyoipenda sukari hiyo, zinaivuta ndani pamoja na mzigo wake. Kwaiyo unadunga chini ya ngozi ya tumbo na dawa inakwenda ini yenyewe. Mi nilipoielewa hiyo sehemu nilikaa kimya, nikarudia kusoma, yaani watu wameangalia ini linapenda nini wakaitumia hamu hiyohiyo kupitishia tiba.

Dawa ya porfiria iliyotokana na hapo inaitwa givosirani, jina la biashara Givlaari, ya kampuni ya Alnylam ya Marekani. Inalenga nakala za ALAS1. Sio ile enzaimu mbovu ya hatua ya 3, hapana, hiyo wameiacha na unusu wake. Wamekwenda kwenye mlango wa mbele wakapunguza mmiminiko. Na hapa kuna kitu kizuri ambacho wanafunzi wangu waliniuliza nilipowaeleza: mwalimu, ukizuia hemu si mtu atakosa damu? Swali la maana kabisa. Jibu ni kwamba uboho wa mifupa unatumia jeni nyingine kwa hatua hiyo ya kwanza, inaitwa ALAS2, dawa haiigusi, na kwanza dawa yenyewe inakwenda ini. Halafu haizimi kabisa, inapunguza. Na kipande kimoja cha RNA kikishaingia kwenye mashine ya seli kinakata nakala moja, kinaachia, kinakata nyingine, hivohivo kwa wiki kadhaa, ndo maana sindano ni moja kwa mwezi.

Waliijaribu kwa watu 94 katika nchi 18, nusu takriban wanapewa dawa na nusu wanapewa sindano isiyo na kitu, kwa miezi 6. Kwa wenye aina ya mdogo wangu mashambulizi yalipungua kwa asilimia 74. Ukipigia kwa mwaka, wasiopewa dawa walikuwa wanashikwa kama mara 12 na nusu, waliopewa kama mara 3. Nusu ya waliopewa hawakushikwa kabisa miezi yote hiyo. Marekani wakaipitisha Novemba 2019, Ulaya wakafuata 2020, Uingereza wakakubali 2021 huduma yao ya afya iwalipie wale wanaoshikwa mara nyingi. Haikosi madhara, figo na ini zinatakiwa kupimwa, kichefuchefu kipo, ngozi inavimba palipodungwa, na alikuwepo mgonjwa aliyepata mzio mkali. Ila ukiwa umemwona mtu wako anajikunja kila mwezi kabla ya hedhi, unaelewa hiyo asilimia 74 ni nini. Ni mwanamke anayeweza kukubali kazi. Ni mama anayejua wiki ijayo atakuwa wapi.

Na bei: ilipotoka, kampuni ilitaja wastani wa dola 575,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka kabla ya punguzo. Kwa hela yetu ni zaidi ya bilioni 1. Kila mwaka, maana haiponyi, inazuia. Nilimwambia mdogo wangu kwenye simu, akauliza, "Kaka, bilioni ina sifuri ngapi?" Nikamtajia. Akanyamaza kidogo afu akaniuliza kama nitakuja Idi.

Nimefikiria sana juu ya bei hiyo na msimamo wangu ni huu. Naona ni dhuluma, na sioni haya kusema. Lakini bei sio ukuta wa kwanza uliopo kati ya mdogo wangu na hiyo sindano, wala sio ukuta mgumu kuliko yote. Sisi wenye umri tunakumbuka ARV. Mwaka 2000 dozi ya mtu mmoja kwa mwaka ilikuwa dola elfu 10 na zaidi, watu walikuwa wanakufa mikononi mwetu na wakubwa wanasema Afrika haiwezi. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza na dola 350. Mwaka 2004 serikali yetu ikaanza kuzigawa bure. Iliwezekana kwa sababu wagonjwa walikuwa wamepimwa, wanajulikana, wana majina na sauti, kuna watu walibeba mabango. Na hizi dawa za RNA zinatengenezwa kwa kemia kwenye mashine, sio kwenye seli hai, kwaiyo hataza, yaani haki ya kampuni kuzitengeneza peke yake, zikiisha siku moja wapo watakaoweza kuzitengeneza kwa bei nyingine. Tayari kuna ya jamii hiyohiyo inayoshusha kolesteroli kwa sindano 2 tu kwa mwaka, na nyingine zinajaribiwa kwa homa ya ini B ambayo sisi tunayo tele. Teknolojia hii inakuja huku, tupende tusipende. Ila siku bei ya dawa ya porfiria itakaposhuka, Kigoma itaagiza kwa ajili ya nani? Kwenye daftari gani yameandikwa majina ya wagonjwa? Hakuna wa kumdai dawa mtu ambaye cheti chake cha kifo kiliandikwa malaria.

Kwaiyo saivi mdogo wangu anaishi vipi bila sindano ya bilioni? Anaishi, na sio vibaya kama zamani, na karibu kila kitu kilichomsaidia kinapatikana Ujiji.

Wanga kwanza. Halali njaa, haruki mlo. Ugali wa muhogo na migebuka, viazi, wali, chai ya sukari asubuhi kabla hajafanya chochote. Akianza kusikia dalili anakunywa vitu vya sukari mapema, na kama anatapika anawahi hospitali apewe dripu ya glukosi, ile ya asilimia 10, mpaka ifike kama gramu 300 za wanga kwa siku, wakiangalia chumvi ya damu isishuke. Glukosi inashusha ALAS1 kwenye ini. Ni kazi ileile ya givosirani, kwa nguvu ndogo sana na kwa muda mfupi, lakini mashambulizi madogo inayazima. Kwa makubwa kuna dawa ya hemini, ya kwenye mshipa, inaingiza hemu yenyewe ini lione inatosha lipunguze kazi, Marekani wameitumia tangu 1983. Sisi hatujawahi kuishika mkononi.

Ramadhani ilikuwa ngumu. Mdogo wangu ni mtu wa dini, kufunga kwake ni furaha, na mwaka ule wa kwanza baada ya kujua ugonjwa alitaka kufunga kwa siri. Mama alimchukua mpaka kwa shehe wetu wa mtaa, mzee, akaeleza yote. Shehe akamsikiliza afu akamwambia, "Mwenyezi Mungu ameweka ruhusa ya mgonjwa ndani ya Suratul Baqara, aya ya 184, wewe binti unamrudishia?" Akamwelekeza alipe fidia, kulisha masikini mmoja kwa kila siku. Saivi kila Ramadhani anapika futari kubwa anawapelekea wazee wawili wa jirani wasio na watu, na amesema mwenyewe hajisikii ameachwa nje.

Halafu karatasi. Tumeandika kwa kalamu nyeusi majina ya dawa asizopewa, tumelaminisha, moja iko kwenye kadi yake ya kliniki, moja ukutani jikoni, moja kwa muuza duka la dawa wa pale karibu ambaye namshukuru sana kwa sababu ndo aliyemkatalia mpwa wangu alipotumwa Septrini na mtu asiyejua. Paracetamoli anatumia, mofini hospitalini ni salama kwake, akichafuka sana na kutapika klopromazini inamfaa. Wahudumu wengine wanakasirika kuonyeshwa karatasi na mgonjwa. Tunawaonyesha hivohivo.

Na wanae. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi jeni, na kurithi sio kuumwa. Nimemwambia tusiwatishe, tuwafundishe tu kula na tusiwape salfa wala fenobabito mpaka wapimwe jeni, maana wakishapimwa mara moja inajulikana maisha yote. Yeye mwenyewe akifika miaka 50 ini lake litatakiwa ultrasaundi kila miezi 6, ugonjwa huu unaongeza hatari ya saratani ya ini, na figo na presha ziangaliwe kuanzia sasa.

Ninachokitaka kutoka kwenu nyie mnaofanya kazi maabara na wodini, hospitali za Maweni, Kitete, Nkinga, Kasulu, popote reli inapopita na isipopita, ni kidogo sana. Kuna kemikali inaitwa riejenti ya Ehrlich. Kwa kipimo kinachoitwa Hoesch unaichanganya na asidi ya hidrokloriki, unaweka mililita 1 au 2 kwenye tyubu, unadondoshea matone 2 ya mkojo wa mgonjwa aliye kwenye maumivu. PBG ikiwa nyingi, wekundu uliokolea unatokea juu yake papo hapo. Haihitaji mashine, haihitaji umeme. Sio jibu la mwisho, sampuli lazima iende maabara kubwa kuthibitishwa, imefungwa isione mwanga, ila ni tosha kumfanya daktari aweke chini karatasi ya upasuaji na kuandika glukosi. Chupa moja mkoa mzima ingetosha kuanzia. Mganga mkuu wa hospitali yoyote anaweza kuiagiza pamoja na vitendanishi vingine vya robo mwaka, na mtu wa maabara akaonyeshwa kwa asubuhi moja. Na akipatikana mgonjwa hata mmoja, jina lake liandikwe, afu ndugu zake wa damu waitwe, kaka zake, dada zake, watoto, na shangazi kama bado yupo.